Ukoo Aliouchora Bakar Makungu

Bakar Makungu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa na picha ya mtu aliyemzaa, wala hakuijua siku yake ya kuzaliwa, ila kwamba ilikuwa wakati wa masika na njia za shamba zilikuwa hazipitiki kwa matope. Hakuwa na elimu ya mchana ya kutajika. Yake aliipata baada ya sala ya magharibi, chini ya taa ya karabai, akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na mke tena, tangu Khairat alipotangulia mbele ya haki. Hakuwa na simu ya kupapasa, na hakuitaka. Meno ya juu alikuwa nayo manne, na hayo hayakukutana na ya chini. Kitu ambacho hakuna mtu aliyepata kumwona amepungukiwa nacho ni ndugu. Ndugu alikuwa nao watano, na ukimuuliza habari zao ulikuwa unajitakia mwenyewe kuchelewa kurudi kwako.

Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili siku mkono wake wa kulia uliposahau sindano. Alikuwa dukani kwake Kiponda, anatia nakshi shingoni mwa kanzu ya bwana harusi, uzi wa hariri mweupe juu ya nguo nyeupe, kazi aliyoijua tangu ana miaka kumi na moja. Sindano ikaanguka. Akainama kuiokota, vidole vikamtazama kama vya mtu mwengine. Akataka kumwita muuza viatu wa duka la pili, ulimi ukawa mzito kama umefungwa kitambaa. Akakaa kimya, akangoja, na kabla ya saa kuisha vidole vikarudi, ulimi ukafunguka, naye akaokota sindano akaendelea na kazi kama kwamba aliyekuja alikuwa mgeni tu, keshaondoka.

Angeinyamazia, maana hiyo ndiyo tabia yake. Lakini nduguye Hamid alikuja na birika la kahawa, akamwona mdomo umevutika kidogo upande mmoja.

"Umefanya nini uso?" aliuliza Hamid.

"Uso wangu uko hivi siku zote."

"Siku zote ni mbaya, lakini huwa umenyooka. Inuka twende hospitali."

"Nina kanzu ya watu hapa."

"Bwana harusi ataoa na kanzu ya mwaka jana. Inuka, Bakar, au nitakubeba mbele ya hawa wauza viatu, wapate la kuzungumza."

Hamid naye alikuwa na miaka sabini na mbili na asingeweza kubeba hata cherahani, lakini Bakar aliinuka, kwa kuogopa aibu kuliko kuogopa maradhi.

Huko hospitali alimkuta daktari wa moyo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Nadhira Nahodha, mzaliwa wa Michenzani, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokubali kudanganywa. Walimbandika waya kifuani, mashine ikachora milima yake kwenye karatasi. Bakar aliomba kuiona. Daktari akampa, na alipoona mzee anaisoma kweli, hakuishia kumtuliza, akamweleza.

"Moyo mzima, babu, hupiga kama mtu anayetembea. Wako kuna wakati unaacha kupiga, unapapatika tu. Damu inatuama mle ndani. Ikituama huganda. Likitoka pande moja dogo likapanda kichwani, ndiyo kiharusi. Lako lilikuwa dogo mno na limeyeyuka. La pili huenda lisiyeyuke."

"Na dawa ipo?"

"Ipo. Kidonge cha kuzuia damu isigande. Utakunywa kila siku na hutaruka hata siku moja. Lakini nnataka kukuuliza jambo. Kwenu kuna mtu aliyeanguka ghafla, au aliyepooza kabla ya uzee?"

Bakar alifikiri. "Wapo wa kupooza. Watu hupooza."

Daktari Nadhira akamwambia kwamba kulikuwa na watafiti wanaofanya kazi na hospitali, wanaotafuta asili ya maradhi haya. Zamani, alisema, walikuwa wanamngoja mtu aanguke ndipo wamjue. Siku hizi kwa baadhi ya watu inawezekana kujua kabla. Mwili una maandishi yake, mtu huyarithi kwa baba na mama, na pengine kuna herufi moja imekaa vibaya, inayoufanya moyo uwe mwepesi wa kupapatika. Hayo maandishi huitwa vinasaba. Alitaka mate yake kidogo kwenye kichupa, na alitaka orodha ya ndugu zake wa damu.

Neno maandishi lilimpendeza Bakar. Alirudi kwake Mpendae, akatoa karatasi nene ya kukatia mitindo ya nguo, rula, kalamu ya wino na kalamu ya risasi, akakaa mezani siku mbili. Hajapata kuchora kitu kwa raha namna ile. Juu aliandika jina la Mzee Khatib, fundi kanzu, na pembeni yake Bi Rukaiya, mkewe. Chini akashusha mistari minane. Wawili walikufa wadogo, akawawekea duara ndogo. Waliobaki aliwaandika kwa mwandiko wa kulala ambao Mwalimu Wakil aliwafundisha katika darasa la jioni mwaka wa sabini na mbili. Darasani humo mlikuwa na wachukuzi wa bandarini, mpishi mmoja na muuza mkaa, wote wamebana magoti chini ya madawati ya watoto, na mwalimu akiwapigia rula mezani na kuwaambia kwamba herufi iliyosimama ovyo ni sawa na mtu aliyetoka bila suruali. Hamid. Jina lake mwenyewe, bega kwa bega na Hamid, kwa kuwa walikuwa wa umri mmoja. Kisha wengine wanne, mabibi watatu na bwana mmoja.

Alipokuwa akichora, nyumba ya Kiponda ilimrudia yote. Ukumbi uliokuwa ukinuka udi na vitunguu. Jamvi walilolala watoto wote kwa safu, na Bi Rukaiya akipita na taa kuwahesabu kwa kuwagusa vichwa, naye Bakar akijifanya amelala ili aguswe mara mbili. Siku ya kuamkia Idi, Mzee Khatib akifungua jora moja la nguo nyeupe na kukata humo kanzu za wavulana na magauni ya wasichana, jora moja kwa wote, hata asubuhi walipotoka kwenda Mnazi Mmoja watu walikuwa wakisema wale pale watoto wa Khatib, na hakuna aliyemtoa mmoja akamweka kando. Bakar alikuwa akiutembeza mkono kwenye kitambaa cha Hamid na kwenye chake, kutafuta tofauti, na tofauti haikuwapo. Hapo ndipo alipoupenda ushoni.

Daktari Nadhira aliuangalia mchoro kwa muda mrefu.

"Hii kazi ya mtu wa ramani," alisema. "Lakini mbona wewe unaitwa Bakar Makungu, na wenzako wote ni Khatib?"

"Majina ya watu wa zamani hayo," alijibu Bakar. "Yalikuwa yanakwenda yanavyotaka."

"Hawa wote ni ndugu zako?"

"Ndugu zangu."

"Wa baba na mama?"

"Daktari," alisema Bakar, na mgongo wake ukanyooka, "sisi tumelelewa na mama mmoja, tumenyonya kwa mama mmoja, tumezika mama mmoja."

Daktari alikuwa na wagonjwa ishirini nje, akaandika ndiyo.

Majibu ya Bakar yalichukua miezi mitatu, na yalikuja na herufi mbaya waliyoitafuta, kweli ilikuwepo. Hapo wakaitwa ndugu. Walikuja wote watano siku moja, wamevaa vizuri, kama watu wa kwenda kusomewa hitima. Kila mmoja alipewa kichupa akaambiwa ateme mate mpaka kwenye mstari.

"Miaka yote mimi ninatema bure," alisema Hamid, "kumbe yana wenyewe."

"Tema, usizungumze," alimwambia dada yao mkubwa.

"Mdomo umekauka. Bakar, hebu nizungumzie embe bichi na chumvi."

Bakar alimzungumzia embe bichi, na pilipili juu yake, mpaka Hamid akakijaza kichupa, na muuguzi akacheka hata akalazimika kutoka nje. Siku ile Bakar alirudi Mpendae amefurahi. Alikuwa mgonjwa, lakini alikuwa mgonjwa mwenye watu.

Miezi mingine mitatu ikapita. Daktari Nadhira alimwita, akataka aje peke yake. Alimkalisha, akafunga mlango.

"Ndugu zako wote watano wako salama. Hakuna hata mmoja mwenye ile kasoro."

"Alhamdulillahi," alisema Bakar.

"Alhamdulillahi. Ni habari njema." Akauvuta mchoro wa Bakar katikati ya meza. "Unajua, babu, jambo hili kwa kila ndugu wa tumbo moja ni nusu kwa nusu. Kama kurusha shilingi."

Hakuongeza kitu. Hakuwa na haja, maana alikuwa anazungumza na mtu aliyejifunza hesabu kwa kiu. Mbili mara mbili, nne. Mara mbili tena, nane. Kumi na sita. Thelathini na mbili. Shilingi iliyorushwa mara tano na ikalala upande wa salama mara zote tano. Hutokea, lakini mara moja kati ya mara thelathini na mbili. Bakar aliitazama ile meza ya daktari, na mchoro wake ukiwa juu yake na mistari minane ya wino, na akaona kwamba mwanamke huyu alikwishaipiga hesabu kabla yake na alikuwa anampa nafasi.

"Mimi sitaki kuingia nyumba ya mtu," alisema Nadhira taratibu. "Lakini hii herufi umeirithi. Aliyekupa pengine aliwapa na wengine. Kama yupo mtu popote, wa damu yako, ambaye hayumo humu, huyo ndiye mwenye hatari, na hajui. Akijua leo, tutamtazama, na moyo ukianza kupapatika tutampa dawa kabla damu haijaganda. Asipojua, atajua siku atakayoanguka."

"Na nyinyi hamuwezi kumtafuta?"

"Haturuhusiwi kugonga mlango wa mtu na kumwambia siri ya mwili wa mwengine. Anayetakiwa kusema ni wewe. Mimi nitakupa karatasi, imeandikwa jina la kasoro yenyewe, ili maabara ijue inatafuta nini. Lakini mwenye kuipeleka ni wewe."

Akampa karatasi. Bakar akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kanzu, na kwa wiki mbili hakuigusa.

Yalikuwa hivi, na kila mtu wa Kiponda wa umri wake aliyajua. Mwaka ule wa masika makubwa mwanamke mmoja wa Uroa, jina lake Mwanakheir, mke wa Makungu, aliletwa mjini hospitali na mtoto mchanga, mwenyewe hajiwezi kwa homa ya uzazi na maziwa yamemkauka. Kitanda cha pili alikuwapo Bi Rukaiya, amejifungua Hamid. Mtoto wa kitanda cha kwanza analia njaa, wa kitanda cha pili ameshiba amelala. Bi Rukaiya hakuuliza mtu, alinyoosha mikono akaletewa. Mwanakheir alirudi kwao akiwa mgonjwa bado, na mtoto akabaki mjini mpaka mama apate nguvu. Nguvu zilipokuja mtoto alikuwa na miaka minne, na Mwanakheir alipoingia ukumbini na kapu la pweza mkavu, mtoto alikimbilia nyuma ya kanga ya Bi Rukaiya akapiga kelele mpaka akakosa sauti. Mwanakheir akakaa kidogo, akanywa maji, akasema, basi mwacheni. Alikufa akiwa na miaka arubaini na sita. Alianguka pwani na mdomo umekwenda upande, na watu wakasema amepigwa na upepo mbaya.

Mzee Khatib, mtu wa dini, alikataa kumbandika Bakar jina lake. Mtoto huitwa kwa baba yake, alisema, na hilo halina mjadala. Lakini jina ndiyo kitu pekee kilichobaki. Maziwa yalikwishawafanya ndugu, dada zake Hamid walikuwa haramu kwake kuwaoa, kama dada zake wa damu, na Bi Rukaiya alikuwa na kauli moja, kwamba neno ndugu nyumbani kwake halina mkia. Hakuna ndugu wa kunyonya, hakuna ndugu wa kulea. Mtoto mmoja chuoni alipomwambia Bakar kuwa ni wa kuletwa, Bi Rukaiya alikwenda mpaka kwa mama wa yule mtoto, makubadhi ameyavua yako mkononi, na aliporudi alimshika Bakar mashavu yote mawili. "Asikwambie mtu," alisema. "Na wewe usimwambie mtu."

Bakar alikuwa na miaka kumi na moja. Aliyachukua maneno yale kama amri ya dola. Tangu siku ile hakulitaja jina la Uroa. Aliacha skuli mwenyewe akakaa na Mzee Khatib kwenye cherahani, akijua kimya kimya kwamba mkate anaoula unataka sababu, na hakumwambia mtu hilo pia.

Na kulikuwa na siku ya msiba wa Bi Rukaiya, mwaka wa tisini na moja. Wanaume wametoka makaburini, wamekaa barazani na vumbi miguuni. Akaja mwanamke wa shamba, mikono yake imebabuka kwa maji ya chumvi, amebeba kapu, akasimama mbele ya watu wote akasema kwamba yeye ni Wanu, mtoto wa Mwanakheir, amekuja kumpa mkono kaka yake. Bakar alimtazama. Lile paji la uso alikuwa akiliona kila asubuhi kwenye kioo cha kunyolea. Mama yake hajatimiza saa tatu ndani ya kaburi, na huyu anakuja kusema mbele ya watu kwamba Bakar alikuwa mtoto wa mwengine.

"Kaka yako yupo Uroa," alimwambia. "Hapa umekosea mlango."

Wanu aliweka kapu chini. "Haya," alisema. "Mungu amrehemu aliyekulea." Akaondoka, na Bakar hakulifungua lile kapu, hakujua hata aliyelichukua.

Hamid alikuja Mpendae Ijumaa ya pili baada ya sala. Alikuwa ameshapata habari kwamba yeye na ndugu zake wako salama, na alikuwa amekuja kutamba.

"Moyo wangu wa kijana, kasema daktari."

"Kasema hauna kasoro. Hakusema wa kijana."

"Kwa macho yake kasema." Hamid akakaa kwenye kiti cha ukili, akavua kofia. "Na wewe mbona umekunja uso? Karatasi ya daktari umeipeleka?"

"Karatasi gani?"

"Bakar, daktari katwambia mwenye kasoro hupewa karatasi ya kuwapelekea wa damu yake, na kila mtu kashaijua hesabu hiyo. Sisi wote hatuna, wewe unayo. Hata mimi niliyekuwa nikifeli hesabu kila mwaka nimejua unatakiwa kwenda wapi."

Bakar akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria, kwamba mama alimkataza. Alimshika mashavu akamwambia usimwambie mtu. Kuandika barua ya kusema mimi ni wa Mwanakheir ni kumtoa Bi Rukaiya kwenye umama wake, na yeye hawezi, hata kwa sababu ya moyo, hata kwa sababu ya daktari.

Hamid alimsikiliza mpaka mwisho, jambo asilolizoea.

"Unajua kila mwaka kabla ya Idi kubwa mama alikuwa akinituma wapi?"

"Alikuwa akikutuma Chwaka kununua samaki."

"Alikuwa akinituma Uroa. Doti mbili za kanga, moja ya Mwanakheir na moja ya Wanu. Mwanakheir alipokufa, ya Wanu peke yake. Na kibuyu cha mafuta ya nazi. Na maneno, kwamba Bakar amejifunza kusoma, Bakar anaoa, Bakar amefungua duka. Nilikuwa nakaririshwa kama mtoto wa chuoni."

Bakar alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Asingekwambia," alisema Hamid. "Alikuwa anaogopa utakimbilia kule. Kuogopa tu, yakhe. Alikuwa mtu. Alikataza neno ndani ya nyumba yake, lakini mwenyewe hakukata mguu kule."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeninunia. Ulininunia miezi mitano kwa ajili ya mkasi."

"Ulikuwa mkasi wa baba."

"Ndiyo unaona."

Nje muuza urojo alipita akigonga kijiko kwenye bakuli. Hamid akaanza tena, polepole sasa, bila mzaha. Alikuwa bado anakwenda Uroa. Mama alipokufa alishindwa kuacha, akawa anakwenda mara moja kwa mwaka, na kwa kuwa hakuwa na maneno ya kupeleka aliyatunga. Bakar anakusalimu sana. Bakar anauliza watoto wako wameoa. Miaka thelathini.

"Na yeye anasema nini?"

"Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya pili akaniambia, Hamid, Bakar hakunisalimu, wewe ndiye unayenisalimu. Tangu hapo mimi nasema, yeye anacheka, ananipa pweza. Safari hii hakucheka." Hamid alijifuta uso kwa kofia. "Amekonda. Yumo kwenye mwani, anakaa chini kila baada ya hatua kumi. Anasema kifuani kuna kuku amefungwa miguu, anarukaruka. Watoto wake wanamtafutia mganga, wanasema ni shetani la pwani. Nikamwambia kuhusu daktari. Akaniambia hasikilizi tena maneno yangu juu ya mambo ya Bakar. Kama Bakar ana jambo, amwandikie, mkono wake. Anasoma yule. Anasoma kuliko wewe."

"Hakuna anayesoma kuliko mimi Uroa nzima," alisema Bakar.

Hamid alipoondoka, jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya Mpendae. Bakar aliosha mikono, akafuta meza, akatoa karatasi yenye mistari. Aliandika tarehe. Akaandika Kwa Bibi Wanu Makungu, akaikata. Akaandika Kwa Wanu, akaikata. Karatasi tatu ziliharibika hivyo, yeye ambaye Mwalimu Wakil alikuwa akiwaonesha wachukuzi daftari lake. Mwisho aliacha kutafuta maneno makubwa.

*Ndugu yangu Wanu,*

*Assalaam alaykum. Mimi ni Bakar, kaka yako, mtoto wa Mwanakheir, tumbo moja na wewe. Salamu zote ulizopata kwangu miaka thelathini hazikuwa zangu, ulisema kweli. Hizi ni zangu.*

*Mwaka ule hukukosea mlango. Nilikuona na nikakujua. Nilifanya hivyo kwa kumpenda aliyekuwa kaburini, na sikujua kwamba yeye mwenyewe asingefanya. Sitaki unisamehe kwa barua.*

*Jambo lililonifanya nikuandikie ni la moyo. Nimepimwa na daktari, nina kasoro ya kuzaliwa, ambayo huufanya moyo upapatike. Ukipapatika damu hutuama na kuganda, na ikipanda kichwani mtu huanguka, mdomo ukaenda upande. Nadhani ndivyo alivyokufa mama yetu. Haukuwa upepo. Hamid ameniambia habari ya kuku aliye kifuani mwako. Wanu, huyo si shetani. Huyo nnaye na mimi. Nakunywa kidonge kimoja kila siku, na mpaka leo mkono wangu unashika sindano.*

*Si lazima iwe nawe unayo kasoro hii. Ni nusu kwa nusu. Wenye nayo si wote wanaougua. Lakini moyo wako unarukaruka, na kwa hilo usingoje. Ndani ya barua hii kuna karatasi ya Daktari Nadhira Nahodha wa hospitali ya mjini. Mpe yeye, ataijua. Njoo na watoto wako wote, nao wapimwe, na uwaambie waache mganga kwanza. Daktari yupo kila siku ila Ijumaa.*

*Kama hutaki kunikuta, njoo Alkhamisi. Siku hiyo mimi siendi hospitali. Ukija siku nyengine yoyote nitakuwa nimekaa kwenye benchi la mlangoni tangu saa mbili, na nitakuwa na uji wa kukungoja, maana vipimo hutaka mtu hajala na utatoka hapo una njaa.*

*Mimi kaka yako,*
*Bakar Makungu.*

Alilisoma jina lake mara mbili. Miaka yote alikuwa akilitia sahihi kwenye stakabadhi za wateja haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Sasa alilitazama, na hakuna kilichotokea kwa Bi Rukaiya. Alikuwa pale pale alipokuwa, ukumbini, na taa mkononi.

Asubuhi alivaa kanzu safi akaenda Darajani kwa miguu mpaka zinapopakia gari za Uroa. Dereva alikuwa Abrahman, mtu mnene wa huko huko, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Shikamoo, mzee. Panda, mbele kuna nafasi."

"Marahaba. Sipandi. Nna barua."

"Ya nani?"

"Ya Wanu Makungu, anayelima mwani."

"Bi Wanu namjua, nyumba yake ipo nyuma ya msikiti. Nimwambie imetoka kwa nani?"

Bahasha ya barua ilikuwa bado wazi. Bakar alikuwa ameiacha hivyo makusudi, endapo njiani angepata kitu cha kuongeza, au cha kutoa. Aliitoa, akatia karatasi ya daktari ndani, akahakikisha zote mbili zimelala sawa. Kisha akafungua kichupa cha gundi alichokuja nacho, akapaka ukingo wa bahasha kwa kidole, akaufunga juu ya boneti ya gari, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika.

"Mwambie imetoka kwa kaka yake," alisema.

Abrahman aliichomeka barua juu ya kioo cha mbele, mahali anapoweka leseni yake, akamwaga makombo ya chai chini, akapanda, akatia gea.